Ajali Huanza Kabla ya Siku Yake

Habari ya ajali ya kazini hufika kijijini ikiwa fupi. Lori limepinduka mteremkoni. Dereva alikuwa na mwendo mkali. Kifusi kimemfukia mchimbaji. Alisogea mahali pasipotakiwa. Mashine ya mbao imemkata kijana vidole, hakuwa makini. Kila habari ina mtu mmoja na kosa moja. Baada ya mazishi au matibabu, shughuli huendelea kama zilivyokuwa, na miezi michache baadaye mtu mwingine hupatwa na jambo lile lile, mara nyingine mahali pale pale.

Kurudia huko ndiko kunakopaswa kuwashughulisha wenye kazi na wafanya kazi. Kama kosa lingekuwa la mtu mmoja tu, lingeondoka pamoja naye. Linapobaki, maana yake ni kwamba chanzo chake hakikuwa ndani ya mtu huyo peke yake, bali katika namna kazi yenyewe ilivyopangwa, ilivyosimamiwa na ilivyozoeleka.

Wilaya ya Ileje, ambayo makao makuu ya halmashauri yake yapo Itumba, inajulikana kwa kahawa, mahindi, maharage na ndizi. Kilimo kingali tegemeo la kaya nyingi. Hata hivyo, kando ya mashamba zipo kazi za aina nyingine: uchimbaji wa makaa ya mawe katika mgodi wa Kiwira–Kabulo ulio chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), usafirishaji wa makaa hayo kwa malori, ujenzi wa barabara na majengo ya umma, machimbo ya mawe na mchanga, upasuaji wa mbao, na mitambo ya kukoboa nafaka na kuchakata kahawa. Makala haya yanaeleza namna ajali zinavyojijenga katika kazi za namna hiyo, na mambo yanayoweza kufanywa kuzizuia kabla hazijatokea.

Kazi changamano ni ipi?

Mkulima anayelima kwa jembe huiona hatari yake. Jembe liko mkononi, mguu uko mbele yake, na akikosea matokeo huonekana papo hapo. Mgodi, kiwanda, eneo la ujenzi au hospitali ni mahali pa namna nyingine. Hapo kazi ya mmoja hutegemea kazi ya wengine ambao pengine hajawahi kuonana nao. Mchimbaji aliye chini ya ukuta wa shimo humtegemea aliyekagua ukuta huo asubuhi, aliyepanga kiasi cha baruti, fundi aliyetengeneza pampu ya maji, na hata mtumishi wa ofisini aliyeidhinisha, au aliyechelewa kuidhinisha, ununuzi wa kipuri.

Mwaka 1984 mwanasosholojia wa Marekani, Charles Perrow, alichapisha kitabu kuhusu ajali za mitambo mikubwa. Kilichomsukuma ni ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania, iliyotokea Machi 28, 1979. Alionyesha kwamba mahali pa kazi huwa pa hatari zaidi panapokuwa na sifa mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba sehemu zake huathiriana kwa njia ambazo hakuna aliyezitarajia. Ya pili ni kwamba sehemu hizo zimefungamana mno, kiasi kwamba hitilafu ikianza upande mmoja hufika upande mwingine kabla mtu hajapata nafasi ya kuisimamisha.

Watanzania hawana haja ya kwenda mbali kuona sifa hizo. Katika machimbo ya tanzanite ya Mererani, mkoani Manyara, migodi ya wamiliki mbalimbali imechimbwa karibu karibu, na njia zake za chini hukutana. Wachimbaji wenyewe huita kukutana huko mtobozano. Anayelipua baruti katika mgodi mmoja huweza kupeleka moshi na mtikisiko katika mgodi wa jirani. Maji yakiingia katika shimo moja hutafuta njia kuelekea mengine. Mwaka 1998, na tena mwaka 2008, mvua kubwa zilijaza maji katika migodi hiyo na kuua makumi ya wachimbaji. Kila mmiliki aliweza kusema kwamba shimo lake ni imara, na pengine alisema kweli. Lakini hatari haikuwa katika shimo moja. Ilikuwa katika uhusiano wa mashimo yote, na uhusiano huo haukuwa kazi ya mtu yeyote kuutazama.

Paa la nyasi

Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, alieleza ajali kwa mfano wa vipande vya jibini vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kikiwa na matundu yake. Kwa msomaji wa nyanda za juu, mfano wa paa la nyasi uko karibu zaidi. Paa hilo huezekwa kwa tabaka juu ya tabaka. Hakuna tabaka lisilo na upenyo. Lakini kwa kuwa upenyo wa tabaka moja huzibwa na tabaka lililo chini yake, nyumba haivuji. Nyumba huvuja siku ile ambayo matundu ya tabaka zote yamekaa katika mstari mmoja. Mwenye kulala chini ya tone huliona tone tu. Fundi anayepanda juu ndiye anayejua kwamba nyasi zilianza kuoza misimu kadhaa iliyopita.

Tabaka za kinga kazini ni kama hizo: ubora wa mashine, matengenezo yake, mafunzo ya mfanyakazi, maelekezo ya kazi, usimamizi, alama za tahadhari, vifaa kinga na mpango wa dharura. Reason alitofautisha makosa ya aina mbili. Yapo yale ya mtu aliye mwisho wa mnyororo, kama vile dereva, mchimbaji au muuguzi, ambayo athari yake huonekana mara moja. Yapo pia yale yaliyofanywa mapema na watu walio mbali na eneo la tukio: bajeti ya matengenezo iliyopunguzwa, ratiba isiyotekelezeka, mashine iliyonunuliwa bila kitabu cha maelekezo, mafunzo yaliyoahirishwa. Makosa haya ya pili huweza kulala kimya kwa miaka mingi, yakisubiri siku yake.

Chukulia lori linaloteremka mlimani likiwa na shehena ya makaa. Lori hilo ni la kubuni, lakini hakuna dereva atakayeliona geni. Vitambaa vya breki vimekwisha, na kipuri kiliagizwa lakini hakijafika. Dereva analipwa kwa idadi ya safari, kwa hiyo gari likilala gereji yeye halipwi. Mzigo umezidi kidogo. Jana usiku alilala saa chache kwa sababu alisubiri kupakia hadi alfajiri. Mvua imenyesha na barabara inateleza. Anapofika mteremko mrefu anakanyaga breki mfululizo badala ya kuingiza gia nzito mapema. Breki zinapata joto, zinapoteza nguvu, na gari halishikiki tena. Taarifa itasema: dereva alishindwa kulimudu gari. Taarifa hiyo si ya uongo, ila imeanza kusimulia hadithi katika sentensi yake ya mwisho. Tabaka tano zilikwisha kuvuja kabla dereva hajakanyaga breki, na dereva mwingine akipewa lori hilo, malipo hayo na saa hizo za kulala, atafika katika kona ile ile.

Tanzania inalijua somo la breki na mlima kwa gharama kubwa. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 ilisimama katika eneo la mwinuko huko Igandu, mkoani Dodoma, kwa sababu ya hitilafu ya breki. Kisha ilirudi nyuma kwa kuserereka bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa njiani. Watu 281 walipoteza maisha. Kwa kuangalia tu mikono iliyokuwa kwenye usukani saa ile, mtu hawezi kuelewa ajali hiyo. Ni lazima aulize pia habari za ukaguzi, vipuri, mawasiliano kati ya treni mbili, na namna treni nzito inavyotakiwa kuzuiwa mlimani pindi breki kuu inapotiliwa shaka.

Mazoea yanapogeuka kanuni

Tundu katika tabaka la kinga halibaki wazi kwa sababu watu ni wabaya. Mara nyingi hubaki wazi kwa sababu jana halikuleta madhara. Mtu akivuka utaratibu mara moja na asipatwe na jambo, mara ya pili huvuka kwa woga mdogo zaidi, na mara ya kumi huona kwamba utaratibu ndio wenye kasoro.

Januari 28, 1986, chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger kililipuka muda mfupi baada ya kuruka, na wanaanga wote saba wakafa. Mipira ya kuziba maungio ya roketi ilishindwa kufanya kazi katika baridi ya asubuhi hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika safari za nyuma mipira hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana imeungua, na usiku wa kuamkia safari wahandisi walitahadharisha kuhusu baridi. Lakini kwa kuwa vyombo vilikuwa vikirudi salama, kuungua kwa mipira kulikwisha kuhesabiwa kuwa jambo la kawaida. Mwanasosholojia Diane Vaughan, aliyechunguza ajali hiyo kwa kina, alionyesha kwamba kuvuka mpaka hatua kwa hatua huufanya mpaka mpya uonekane kuwa ndio halali.

Ndivyo ilivyo pia kwa vyombo vya usafiri vilivyozoea kujaza watu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na kuua zaidi ya watu 220. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Mzigo unaopita kiasi na ukafika salama hauthibitishi kwamba chombo kina nguvu. Unathibitisha tu kwamba siku hiyo mambo mengine hayakuharibika.

Katika machimbo, mazoea huhusu hasa ukuta wa shimo na mvua. Ufa ulio juu ya ukuta, mawe madogo yanayoporomoka, na maji yanayochuruzika pasipokuwa na maji jana ni dalili kwamba udongo umeanza kusogea. Mvua hupenya katika nyufa, huongeza uzito wa udongo na kulegeza mshiko wake. Mporomoko unaweza kuja siku kadhaa baada ya mvua kukoma, wakati watu wamekwisha kuona kwamba hatari imepita. Januari 2024, wachimbaji 22 walikufa baada ya mgodi mdogo kuporomoka wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, katika kipindi cha mvua kubwa. Kwa wilaya yenye milima na mvua za miezi mingi kama Ileje, tukio hilo si habari ya mbali.

Zamu inapobadilika

Sehemu nyingine ambapo ajali hujificha ni pale kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Usiku wa Julai 6, 1988, jukwaa la kuchimba mafuta na gesi la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, liliteketea na kuua watu 167. Mchana wa siku hiyo mafundi walikuwa wametoa vali ya usalama ya pampu moja kwa ajili ya matengenezo, na mahali pake pakafunikwa kwa muda. Habari hiyo haikuwafikia ipasavyo watu wa zamu ya usiku. Pampu nyingine ilipozimika, waliwasha ile isiyokuwa na vali. Gesi ikavuja, ikawaka.

Ajali hiyo ilikuwa na upande wa pili. Majukwaa ya jirani yaliendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea kwenye moto, kwa kuwa waliokuwa zamu walisita kusimamisha uzalishaji bila idhini ya wakubwa wao. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Cullen ilitoa mapendekezo 106, na mengi yake yalibadilisha namna kazi za hatari zinavyosimamiwa duniani.

Masomo mawili ya Piper Alpha hayahitaji mitambo ya mabilioni. La kwanza ni kwamba makabidhiano ya zamu yafanyike ana kwa ana na kwa maandishi, mahali pa kazi penyewe: mashine gani imefunguliwa, kipi hakijarudishwa, nani yumo ndani. Swichi ya mashine inayotengenezwa ifungwe kwa kufuli, na ufunguo awe nao fundi mwenyewe hadi atoke. Hili linawahusu wa mgodini, linawahusu wa mashine za kukoboa, na linawahusu wauguzi wanaokabidhiana wagonjwa usiku wa manane. La pili ni kwamba mfanyakazi wa chini kabisa awe na mamlaka ya kusimamisha kazi anapoona hatari, na asiadhibiwe ikiwa baadaye itaonekana kwamba tahadhari yake ilizidi. Saa moja ya uzalishaji iliyopotea hurudishwa kesho yake.

Uokoaji usioongeza vifo

Ajali moja huzaa nyingine pale msaada unapotolewa bila maarifa. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Meli ilipokuwa ingali ikielea juu chini, na sauti za watu zikisikika ndani, tumbo lake lilitobolewa ili waliokwama watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, na meli ikazama. Waliotoboa walikuwa na nia njema. Walichokosa ni ujuzi na vifaa. Agosti 10, 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto ulipolipuka zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mkoa wa Songwe unapitiwa na barabara kuu inayopeleka malori ya mafuta mpakani Tunduma. Kila mwananchi anayeishi kando ya barabara ya malori anapaswa kujua kwamba tangi lililopinduka ni mahali pa kukimbia, na kwamba mvuke wa petroli hushika moto kwa cheche ndogo ya pikipiki au sigara.

Katika kazi za chini ya ardhi, hatari hiyo huwa ya gesi. Makaa ya mawe hutoa methani, gesi isiyo na harufu ambayo hulipuka ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa, hukusanyika juu, kwenye dari ya njia. Moto wa makaa na injini zinazounguruma ndani hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na humlegeza mtu kabla hajajua kinachompata. Katika visima, vyoo vya shimo na mashimo yaliyoachwa, hewa chafu nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama chini. Mtu akiona mwenzake ameanguka humo hushuka kumwokoa, huanguka naye, na wa tatu huwafuata. Kanuni ni moja: asishuke mtu katika shimo ambalo hewa yake haijapimwa na kusukumwa upya, na asishuke bila kamba iliyoshikwa na watu walio juu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na simu hiyo ipigwe kabla mtu yeyote hajajaribu kushuka.

Hata makaa yaliyokwisha kutolewa nje yana tabia yake. Lundo likikaa muda mrefu huweza kupata joto lenyewe kutoka ndani kwa kukutana na hewa, na hatimaye kufuka moshi na kuwaka. Anayehifadhi makaa, hata kwa kiasi cha kiwanda kidogo, anapaswa kulishindilia lundo, kulipunguza kimo na kulikagua joto lake.

Lawama hufunga midomo

Kabla ya ajali moja kubwa hutangulia matukio mengi madogo ambayo yangeweza kuwa ajali: jiwe lililoanguka hatua mbili kutoka kwa mtu, breki iliyochelewa kushika, waya uliochubuka na kurusha cheche, dawa iliyokaribia kupewa mgonjwa asiyehusika. Matukio hayo ni zawadi ya bure. Yanaonyesha tundu lilipo bila kudai uhai wa mtu. Lakini hupotea bure ikiwa anayeyasimulia hukatwa mshahara, hutukanwa mbele ya wenzake au hufukuzwa.

Sekta ya usafiri wa anga ililitambua jambo hilo mapema. Tangu mwaka 1976 Marekani ina utaratibu unaoendeshwa na NASA, ambao marubani na waongoza ndege huutumia kutoa taarifa za makosa na hatari kwa siri, na majina yao huondolewa. Lengo ni kujua kilichotokea. Adhabu huwekwa kando ili ukweli upatikane. Kiongozi wa kikundi cha wachimbaji au msimamizi wa ujenzi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari moja na kikao cha dakika 10 kabla ya kazi kuanza. Kinachohitajika ni kwamba jambo likiandikwa litatuliwe, na aliyeliandika aelezwe lilivyotatuliwa. Daftari ambalo halijibiwi huachwa kuandikwa baada ya wiki mbili.

Kusema hivyo hakufuti uwajibikaji. Anayeendesha lori akiwa amelewa, anayeondoa kinga ya mashine kwa makusudi ili aongeze kasi, na mwenye leseni anayewaingiza watu katika shimo lililokatazwa hawana utetezi katika nadharia yoyote. Tofauti ipo kati ya aliyekosea akiwa anafanya kazi kwa nia njema katika mazingira mabovu na aliyeyafanya mazingira kuwa mabovu akijua. Wa kwanza anahitaji mazingira mapya na mafunzo. Wa pili anahitaji sheria.

Kinga huanza kwenye chanzo

Mara nyingi usalama kazini hudhaniwa kuwa ni kofia ngumu, viatu vya usalama na fulana ya kung'aa. Vifaa hivyo ni vya lazima, lakini ndivyo tabaka la mwisho, kwa kuwa hufanya kazi baada ya kila kitu kingine kushindwa. Wataalamu wa usalama hupanga kinga kwa ngazi. Kwanza, hatari iondolewe kabisa: kama mtu hana ulazima wa kusimama chini ya ukuta wa shimo, asisimame. Pili, njia ya hatari ibadilishwe kwa iliyo na hatari ndogo. Tatu, hatari itenganishwe na mtu: mkanda wa mashine ufunikwe, ukuta wa shimo uchimbwe kwa ngazi badala ya kusimama wima, njia ya malori itengwe na ya waenda kwa miguu. Nne, utaratibu uwekwe: vibali vya kazi, zamu za kupumzika, mafunzo, alama. Tano, ndipo vijapo vifaa kinga. Mwajiri anayeanza na kuishia na ngazi ya tano amemkabidhi mfanyakazi mzigo ambao ulipaswa kubebwa na ngazi nne za juu.

Sheria na wajibu

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Inamtaka mwajiri kusajili sehemu ya kazi, kufanya tathmini ya hatari, kuhakikisha wafanyakazi wanapimwa afya, kutoa vifaa kinga na huduma ya kwanza, na kutoa taarifa ya ajali. Inampa pia mfanyakazi wajibu wake: kujilinda na kuwalinda wengine, kufuata maelekezo ya usalama, na kutoa taarifa anapoona hatari. Shughuli za uchimbaji husimamiwa vilevile na Tume ya Madini, na mwenye leseni ndiye mwenye dhamana ya usalama wa walio katika eneo lake.

Mtu akiumia, akiugua kwa sababu ya kazi au akifariki kazini, ipo haki ya fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao waajiri wa umma na wa binafsi Tanzania Bara hutakiwa kuuchangia. Fidia hiyo haimtaki mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alikosea. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuficha ajali au kumalizana kienyeji kwa kiasi kidogo cha fedha. Ajali iliyofichwa huinyima familia haki yake, na huwanyima wengine onyo.

Maswali ya kila asubuhi

Mahali pa kazi, pawe na watu watano au mia tano, panaweza kuanza siku kwa maswali machache ambayo hayagharimu fedha. Ni kitu gani leo si kama kilivyokuwa jana: mvua, mashine, watu, mzigo? Ni kipuri au kinga gani tunasubiri, na kwa nini kazi inaendelea bila hicho? Nani amekesha? Zamu iliyotoka imeacha nini wazi? Jambo likiharibika, watu watoke kwa njia ipi, na nani apige simu? Nani hapa ana ruhusa ya kusema "simameni"?

Ajali ikitokea pamoja na hayo yote, uchunguzi usikomee kwenye jina la aliyeumia. Kila jibu lifuatwe na swali la kwa nini, mpaka lifike katika jambo linaloweza kurekebishwa: ratiba, malipo, kipuri, mteremko, kibali. Mtaro wa maji uliozibuliwa juu ya machimbo kabla ya mvua za Novemba, breki iliyobadilishwa kwa wakati na usingizi alioruhusiwa dereva haviandikwi popote kuwa maisha yaliyookolewa, kwa kuwa siku hiyo hakuna kilichotokea. Hata hivyo, watu hao hurudi nyumbani jioni.